Kijana wa Benchi Aliyechoma New York

Mwaka wa 1908 Fred Merkle alikuwa na miaka 19, mchezaji mdogo kuliko wote katika National League, na kazi yake kwenye timu ya New York Giants ilikuwa kukaa. Nafasi aliyoitamani, ulinzi wa beisi ya kwanza, ilikuwa na mwenyewe: Fred Tenney, mzee wa miaka 36 ambaye msimu huo hakuwa amekosa mechi hata moja. Merkle aliingizwa mara mojamoja tu, apige zamu moja kisha arudi benchi. Halafu asubuhi ya Septemba 23 Tenney akaamka kiuno kimekaza, hawezi kuinama. Kocha John McGraw akaangalia benchi lake na kijana akaambiwa leo ni yeye. Ilikuwa mara yake ya kwanza mwaka huo kuanza mechi.

Kesho yake mji mzima ulikuwa ukibishana kama mtu huyu anafaa kuendelea kuvaa jezi ya Giants.

Nieleze mchezo kidogo kwa wale ambao besiboli wameiona kwenye filamu tu. Kama ulicheza raunda shule ya msingi, umeshaelewa nusu yake. Mmoja anarusha, mwingine anapiga kwa gongo, anakimbia kituo hadi kituo, na akirudi alikoanzia, yaani nyumbani, timu yake imepata pointi. Vituo ndivyo vinaitwa beisi. Wapigaji watatu wakishatolewa, timu inaachia upande wa pili upige. Kila timu inapata zamu tisa.

Kuna sheria moja ambayo lazima uishike, kwa sababu hadithi nzima imekalia hapo. Ukiwa umesimama beisi ya kwanza na mwenzako apige mpira, huna hiari: lazima uende ya pili, maana yeye anakuja kuchukua ya kwanza. Mpinzani mwenye mpira akiikanyaga beisi ya pili kabla hujaigusa, umetolewa. Na kama wewe ndiye wa tatu kutolewa, pointi iliyopatikana kwa pigo hilo inafutwa, hata kama aliyeipata ameshafika nyumbani na anapangusa vumbi.

Sasa twende uwanjani. Polo Grounds, juu kabisa ya Manhattan, watu kama 20,000. Wageni ni Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliopita. Ligi imekaza, Giants, Cubs na Pittsburgh Pirates wanakanyagana visigino na zimebaki wiki mbili hivi. Anayerushia Giants ni Christy Mathewson, ambaye New York ilimpenda kama mtoto wake wa kwanza.

Zamu ya tano, Joe Tinker wa Cubs anapiga mpira kuelekea kulia. Mike Donlin, staa wa Giants, mpigaji wao bora, anajaribu kuudaka, unampita, unabingirika mbali, na Tinker anazunguka beisi zote. 1-0. Shika hapo, nitarudi kwa Donlin. Zamu ya sita Donlin mwenyewe anasawazisha kwa pigo lake. 1-1.

Zamu ya tisa, Giants wanapiga, wawili wameshatolewa. Moose McCormick yuko beisi ya kwanza na Merkle ndiye anasimama na gongo. Fikiria presha hiyo kwa mtu ambaye amekaa miezi mitano akitafuna mbegu. Anaupiga safi upande wa kulia, McCormick anafika ya tatu, yeye anasimama ya kwanza. Watu husahau hili. Bila pigo la Merkle mechi ingeenda zamu za nyongeza na leo nisingekuwa naandika jina lake.

Anayefuata ni Al Bridwell. Anapiga katikati, mpira mkali hadi refa Bob Emslie anajitupa chini usimpate. McCormick anaingia nyumbani. 2-1, mechi imeisha, mafan wanaruka ukuta na kumwagika uwanjani.

Nataka tusimame kwenye hilo la kumwagika, kwa sababu wanaosimulia kisa hiki hulipita mbio. Pale Polo Grounds ilikuwa kawaida watu kutoka kwa kukatiza uwanjani mechi ikiisha. Vyumba vya wachezaji navyo vilikuwa mbali kule nyuma ya uwanja wa kati. Kwa hivyo ukiwa mchezaji, pigo la mwisho lilikuwa kama mlio wa bunduki ya kuanzisha mbio: unawahi mlango kabla umati haujakumeza, hujavuliwa kofia, hujabebwa juujuu. Merkle, katikati ya beisi ya kwanza na ya pili, aliwaona wanakuja. Aliona McCormick ameingia. Akageuka, akakimbilia mlango kama alivyoona wakubwa wake wakifanya. Beisi ya pili hakuigusa.

Johnny Evers wa Cubs aliona. Evers alikuwa mwembamba, mwenye hasira, na alisoma kitabu cha sheria kama wengine wanavyosoma udaku. Akaanza kupiga kelele aletewe mpira. Hapa ndipo masimulizi yanagawanyika. Inasemekana Joe McGinnity wa Giants alishtuka, akaunyakua mpira na kuutupa kwenye umati. Inasemekana Cubs waliupokonya kutoka kwa shabiki. Inasemekana mpira ambao Evers alisimama nao juu ya beisi ya pili haukuwa ule aliopiga Bridwell. Ukitaka ukweli kamili, hutaupata. Kinachojulikana ni kwamba Emslie alisema hakuona kitu, akamuuliza mwenzake Hank O'Day, na O'Day akasema Merkle ametolewa. Pointi ikafutwa. Uwanja ulikuwa umejaa watu, giza linaingia, haikuwezekana kuendelea. Mechi ikaandikwa sare ya 1-1.

New York ililala ikidhani imeshinda. Ilipoamka na magazeti, ikataka mtu wa kulaumu.

New York Times liliandika kwamba ulikuwa upumbavu wa kulaumiwa wa mchezaji Merkle. Mengine yalikuwa makali zaidi. Ndipo likamnata lile jina la Bonehead, yaani mtu ambaye fuvu lake ni mfupa mtupu, ubongo hakuna. Baadaye jina lake likageuzwa hata kuwa kitenzi cha mtaani: mtu akishindwa kufika anakotakiwa kufika, "ame-merkle". Kwenye baa, na nje ya ofisi za magazeti ambako watu walisimama kufuatia matokeo ubaoni, ubishi ulikuwa mmoja. Huyu kijana aachwe au abaki?

Niwape haki yao waliotaka aachwe. Hoja yao haikuwa upuuzi. Siku 19 tu kabla, Septemba 4, Cubs walikuwa Pittsburgh na kitu kilekile kilitokea: Warren Gill wa Pirates hakugusa beisi ya pili kwenye pigo la ushindi, Evers akalalamika, na refa alikuwa huyohuyo O'Day. Siku hiyo O'Day alikataa malalamiko, na rais wa ligi Harry Pulliam akaunga mkono matokeo, lakini jambo liliandikwa magazetini. Mchezaji wa kulipwa angepaswa kujua kwamba Evers anavizia. Tena mchezaji wa benchi zaidi ya wote, walisema, kwa sababu yeye anashinda ametazama tu. Kazi yake ni moja, awe tayari. Ukipata nafasi moja mwaka mzima halafu uchome kwa kitu ambacho hakihitaji kipaji, kutembea hatua chache na kukanyaga mfuko, kuna sababu gani ya kukupa ya pili?

Ni hoja nzuri hadi uanze kuhesabu.

Mchezaji wa kila siku ana mechi zaidi ya 150 za kuzikia makosa yake. Donlin alikosea zamu ya tano na akasawazisha zamu ya sita, na hata kama asingesawazisha, kulikuwa na kesho. Ule mpira uliompita ndio uliowapa Cubs pointi yao ya pekee siku ile. Bila huo, Giants wanashinda mapema na hakuna anayejali nani amegusa nini. Hakuna aliyesema Donlin afukuzwe. Hangeweza kufukuzwa, alikuwa Donlin. Lakini Merkle mwaka wote huo alionekana katika mechi 38, nyingi kwa dakika chache, na sasa moja tu kati yake ilikuwa imekuwa yeye mwenyewe. Hesabu ya benchi ni ya kikatili hivyo. Nafasi chache hazifanyi makosa yako yawe machache. Zinayafanya yaonekane ndiyo maisha yako yote.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na nina shangazi ambaye hadi leo akinitambulisha kwa wageni anaanzia hapo. Nimeandika vitu vingi tangu wakati ule. Shangazi hajawahi kuanzia hapo.

Halafu kuna lile jambo la uwanja kuvamiwa. Sijaona kwamba lilizungumzwa sana wakati huo, na linanikera. Merkle alikimbia kwa sababu gani? Alikimbia umati. Na umati ulikuwa akina nani? Ni haohao. Mtu aliyeruka ukuta pale Polo Grounds jioni ya Jumatano, akakatiza nyasi kuelekea geti akiimba, ndiye aliyeamka Alhamisi akasoma gazeti na kusema kijana hana akili. O'Day alisema mechi haingeendelea kwa sababu ya giza na kwa sababu watu wamejaa uwanjani. Kama wangekaa vitini dakika tano, Giants wangerudi kupiga zamu ya kumi na Mathewson angekuwa bado anarusha. Lakini shabiki huwa hajihesabu kama sehemu ya mechi, hasa ikipotea.

Msimu haukuisha siku ile. Hili nalo linapaswa kuandikwa kwa wino mzito. Giants walikuwa na mechi nyingine nyingi za kujiokoa. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba walikutana na Philadelphia Phillies, na kijana mmoja mrushaji aitwaye Harry Coveleski, ambaye karibu hakuna aliyemjua, akawafunga mara tatu kwa siku tano. Mara tatu, bana. Ukimuuliza mtu wa hesabu nani aliikosesha New York ubingwa wa 1908, atakuonyesha Coveleski kabla hajafika kwa Merkle. Lakini kupigwa mara tatu ni lawama ya timu nzima, na lawama ya timu nzima haina uso. Merkle alikuwa na uso, tena wa kitoto.

Ligi ilipoisha, Giants na Cubs walikuwa sawa kileleni. Pulliam aliukubali uamuzi wa O'Day, kwa hivyo ile sare ikabidi irudiwe. Oktoba 8, Polo Grounds tena, na umati uliofurika kupita kiasi: watu juu ya mwamba wa Coogan's Bluff, watu kwenye nguzo za reli ya juu, na mmoja wao akaanguka akafa. Tenney alirudi kwenye nafasi yake. Mathewson alikuwa amechoka, mkono umeisha. Cubs 4, Giants 2. Cubs wakamaliza na ushindi 99, Giants 98. Wakaenda wakaifunga Detroit kwenye World Series, kisha wakakaa miaka 108 bila kuuchukua tena ule ubingwa, hadi 2016. Kuna watu Chicago walioamini hiyo ilikuwa laana ya Merkle. Mimi siamini laana, ila naelewa hamu ya kutaka iwepo.

Pulliam, ambaye wakuu na mafan wa Giants hawakumpa pumzi, alijipiga risasi Julai 1909. Alikuwa na mizigo mingi na hakuna mwenye haki ya kumbebesha Merkle na kifo hicho, ingawa wapo waliojaribu.

Sasa, uamuzi wenyewe. Majira ya baridi ya 1908, mjadala wa mtaani ulikuwa umeshatoa hukumu, na anayeamua kikweli alikuwa mtu mmoja. John McGraw hakuwa mtu wa huruma. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye mdomo mchafu, aliyegombana na marefa kama kazi ya ziada. Ungetarajia amtupe kijana ligi ndogo. Alimbakiza. Zaidi ya hapo, alimwongezea mshahara, na akasema wazi kwamba timu ilikuwa imepoteza mechi nyingi ambazo ingeshinda, kwa hivyo hawezi kulaumu moja.

Nimelifikiria sana tendo hilo na sitaki kulipaka mafuta. McGraw alikuwa na sababu yake pia. Hadi kufa kwake alisema ubingwa wa 1908 waliibiwa. Ukisema umeibiwa huwezi tena kumfukuza kijana kwa kupoteza, maana kumfukuza ni kukiri kwamba O'Day alikuwa sahihi. Kwa hivyo Merkle alilindwa na wema na ubishi kwa pamoja, na sidhani ilimjalia chochote kutofautisha.

Ila McGraw aliona kitu ambacho waliokaa jukwaani hawakukiona. Chief Meyers, mdakaji wa Giants, miaka mingi baadaye alimsimulia mwandishi Lawrence Ritter kwamba McGraw alikuwa hamuulizi mtu yeyote ushauri wa mbinu za mchezo isipokuwa Merkle. Huyu huyu asiye na ubongo. Bridwell naye, aliyepiga lile pigo, alimwambia Ritter kwamba alitamani asingelipiga kabisa, heri angetolewa, kijana aepushwe na yaliyompata.

Kufikia 1910 nafasi ya beisi ya kwanza ilikuwa ya Merkle. Mwaka 1911 aliiba beisi 49. Mwaka 1912 alipiga kwa wastani wa .309, na kwa wasiojua, juu ya .300 ni kiwango cha wachezaji wazuri kweli. Giants walichukua ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, 1911, 1912 na 1913, na yeye alikuwa pale kila mara. Ukipima uamuzi wa McGraw kwa matunda, ubishi umekwisha.

Isipokuwa mafan hawapimi hivyo. Oktoba 1912, mechi ya mwisho ya World Series dhidi ya Boston, zamu ya kumi, Merkle ndiye aliyepiga pigo lililoipa Giants uongozi. Angekuwa shujaa. Dakika chache baadaye Fred Snodgrass akaangusha mpira rahisi, kisha mpira mwingine wa juu ukaanguka katikati ya Merkle, Meyers na Mathewson, kila mmoja akidhani ni wa mwenzake. Boston ikashinda 3-2. Magazeti yakamfanya Snodgrass kuwa Merkle mpya, na yakamkumbusha Merkle wa zamani kwamba hajasahaulika. Snodgrass alipofariki mwaka wa 1974, baada ya maisha marefu ya mambo mengi, kichwa cha habari cha New York Times kilitaja mpira ule.

Merkle alicheza World Series tano, tatu na Giants, moja na Brooklyn mwaka 1916, na moja mwaka 1918 na timu ambayo ukiambiwa utadhani ni utani: Chicago Cubs. Zote alipoteza. Katika miji yote hiyo alizomewa kwa jina lilelile, na watu ambao wengi wao hawakuwa Polo Grounds siku ile. Inakuwaje uzomewe Chicago, mji uliochukua kombe kwa sababu yako? Wangepaswa kumjengea sanamu.

Alistaafu, akahamia Daytona Beach, Florida. Hakupenda kuzungumzia besiboli, na kwa miaka mingi alikataa mialiko ya kurudi. Wakati huo wenzake walikuwa wakiingia mmojammoja kwenye jumba la heshima la mchezo huo: Mathewson, McGraw, Evers, Tinker, McGinnity. Hata refa O'Day aliingizwa, mwaka 2013.

Mwaka wa 1950 Giants waliandaa siku ya wachezaji wa zamani na safari hii Merkle akakubali kuja. Alikuwa na miaka 61. Alitoka hadi kwenye nyasi za Polo Grounds, jina lake likatajwa kwenye spika, na watu wakasimama wakampigia makofi kwa muda mrefu. Walibaki majukwaani.